Mtoto Ameitwa Bwawani: Je, Mmejibu Wote Wawili?



Ukurasa huu mara nyingi huzungumza juu ya fedha, wakwe, ulevi na ukimya ndani ya nyumba. Leo tutajifunza kutokana na jambo ambalo kila mtu huliona kuwa jema: mtoto wenu amealikwa kujiunga na klabu ya vijana ya kuogelea kwa mpangilio. Huenda mkauliza, "Jambo kama hilo linaingiaje katika ukurasa wa ndoa?" Linaingia kwa sababu hata jambo jema likipitishwa mlango wa nyuma huleta ugomvi. Someni mfano huu pamoja, mume na mke, kisha tuutafakari.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuseme kuna bwana na bibi wanaoishi Bahati, kando ya barabara itokayo Nakuru kwenda Nyahururu. Si watu wa parokia fulani. Ni mfano tu, lakini huenda mkajiona ndani yake. Bwana ni mwashi, na siku nyingi hushinda mjini kwenye kazi za ujenzi. Bibi hulima viazi na kukama ng'ombe wawili. Wana watoto watatu, na wa kwanza ni binti wa miaka 10.

Siku moja wanafunzi walipelekwa mjini kujifunza kuogelea. Mwalimu wa bwawa aliona kwamba binti huyu haogopi maji, tena ana sikio la muziki. Akamtumia mama ujumbe: kila Jumamosi kuna kundi la watoto wanaojifunza kuogelea pamoja kwa kufuata muziki. Je, binti angependa kujiunga nao?

Mama alifurahi sana. Yeye mwenyewe alipokuwa msichana alipenda netiboli, lakini Jumamosi zake zote ziliisha akibeba wadogo zake mgongoni. Akakubali siku ileile. Ada akailipa kwa pesa za maziwa, na mumewe akamwambia kwamba binti anakwenda masomo ya ziada.

Mwezi wa tatu, bwana aliazima simu ya mkewe ili ampigie fundi mwenzake. Wakati huohuo ujumbe wa M-Pesa ukaingia.

"Mama watoto, hii klabu ni ya nani?"

"Ni ya mtoto, Baba watoto. Anajifunza kuogelea."

"Tangu lini?"

"Tangu Februari."

"Kumbe mimi katika nyumba hii ni mpangaji!"

"Ningekuambia, ungekataa."

"Ulijuaje, na hukuniuliza?"

Maneno yakazidi hadi usiku. Jumamosi iliyofuata mama akamtayarishia binti mfuko wake wa kuogelea, lakini binti akabaki ameketi kitandani. Akasema, "Mama, mimi sitaki tena kuogelea. Nikienda, mnagombana."

Ndugu zangu, hapo ndipo tunapaswa kusimama. Mtoto wa miaka 10 amejitwika mzigo usio wake. Anadhani yeye na maji ndio chanzo cha vita, kumbe vita ilianza pale wazazi wake walipoacha kuulizana.

Ni nani aliyekosa? Bibi alikosa kwa kuficha na kusema uongo. Pesa za maziwa ni jasho lake, kweli, lakini mtoto ni wa wote wawili. Bwana naye ajiulize: kwa nini mke wangu aliona ni rahisi kudanganya kuliko kuniuliza? Mtu ambaye kila swali hulijibu kwa "hapana" atajikuta siku moja haulizwi tena.

FAHAMUNI KWANZA MCHEZO WENYEWE

Wanandoa wengi hubishana juu ya jambo ambalo hakuna kati yao anayelijua vizuri. Kwa hiyo tuanze kwa kuujua mchezo huu.

Kuogelea kwa mpangilio ni kuogelea kwa kufuata muziki, watu wawili au kundi zima wakifanya miondoko ileile kwa wakati mmoja. Tangu 2017 shirikisho la dunia la kuogelea huuita kuogelea kwa kisanii. Uliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles, na katika Olimpiki kundi huwa la watu wanane. Kwa muda mrefu ulikuwa wa wanawake tu. Olimpiki ya Paris ya 2024 ndiyo ya kwanza kuruhusu wanaume katika makundi. Basi hata mvulana wenu asichekwe akipenda kujaribu. Katika Afrika, Misri na Afrika Kusini zimekwisha kupeleka waogeleaji wa aina hii kwenye Olimpiki. Kwetu Kenya mchezo bado ni mchanga, na mtoto wa Nakuru anayeuanza asiahidiwe nishani. Aahidiwe afya, nidhamu na marafiki.

Mtoto hawezi kuanza na miondoko hiyo kabla hajajua kuogelea kawaida. Kwanza hujifunza kuelea, kupumua na kuogelea mbele na nyuma. Kisha hujifunza kukaa wima majini kwa kuzungusha miguu, mmoja baada ya mwingine, na kusukuma maji kwa viganja. Hujifunza kuhesabu pamoja na wenzake, mara nyingi moja hadi nane, tena na tena, ili mikono yote iinuke kwa pamoja. Puani huvaa kibanio ili maji yasiingie anapopindua kichwa chini.

Kuna kanuni moja ya mchezo huu ambayo wanandoa wanapaswa kuishika. Wakati wa onyesho mwogeleaji haruhusiwi kukanyaga sakafu ya bwawa ili kupata nguvu. Mwenzao mmoja anaporushwa juu ya maji na watazamaji wakapiga makofi, wanaomwinua wako chini yake, nao hawana pa kukanyaga. Wanasukuma maji kwa miguu yao huku wamebana pumzi, na hakuna anayewaona. Aliye juu anaonekana kwa sababu wengine wamekubali kutoonekana.

Na nyumbani ni hivyohivyo. Mtoto anayeng'aa bwawani amebebwa na mzazi aliyeamka saa kumi alfajiri kukama ng'ombe, na na mzazi aliyeacha kibarua cha Jumamosi ili ampeleke. Mmoja wao akiondoa bega lake, mtoto huzama. Kwa sababu hiyo tunasema kwamba anayejiunga na klabu si mtoto peke yake, bali familia nzima.

SOMO KUTOKA YERUSALEMU

Katika Injili ya Luka, sura ya pili, tunasoma jinsi Yesu alivyobaki Hekaluni akiwa na miaka 12. Yosefu na Maria walisafiri mwendo wa siku nzima wakidhani kwamba yumo katika msafara. Walirudi Yerusalemu, na baada ya siku tatu wakamwona.

Wazazi watakatifu kuliko sisi sote walidhani mtoto yuko pamoja na wengine. Je, sisi? Baba anadhani mama yuko bwawani anamwangalia mtoto. Mama anadhani mwalimu anamwangalia. Mwalimu ana watoto 20 na anadhani mzazi yuko pale. Katikati ya dhana hizo tatu mtoto yu peke yake.

Angalieni pia jinsi Maria alivyosema alipomwona mwanawe. Alijitaja yeye pamoja na Yosefu, kwamba wote wawili walikuwa wakimtafuta kwa uchungu. Hakusema, "Baba yako ndiye aliyekuacha." Injili haituonyeshi hata neno moja la lawama kati yao. Walipotea njia ya dhana pamoja, wakarudi pamoja, wakatafuta pamoja.

Kanisa linafundisha kwamba wazazi ni walimu wa kwanza wa watoto wao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilisema hilo mwaka 1965 katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake *Amoris Laetitia* wa 2016, aliwakumbusha wazazi kwamba haitoshi kujua mwili wa mtoto uko mahali gani, bali moyo wake uko wapi katika safari ya maisha. Hata Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inasema kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza na kumlinda mtoto. Basi asiwepo wa kusema, "Hayo ni mambo ya mama yake."

MAMBO SITA YA KUKUBALIANA KABLA YA KULIPA

Kaeni chini ninyi wawili, watoto wakiwa wamelala, mkayazungumze haya moja baada ya jingine.

1. Fedha. Andikeni gharama yote, si ada peke yake. Tuseme ada ni shilingi 2,500 kwa mwezi, na nauli ya matatu ya mtoto na mzazi mmoja, kwenda na kurudi, ni shilingi 400 kila Jumamosi. Kwa Jumamosi nne nauli inafika 1,600, na jumla ya mwezi ni 4,100. Kwa mwaka ni 49,200, kabla ya vazi la kuogelea, kofia, miwani na chakula cha njiani. Je, pesa hizo zinatoka wapi? Karo ya wadogo zake imetengwa? Kama mtakopa katika chama, wote wawili mjue. Asiwepo wa kulipa kwa siri, na asiwepo wa kusimanga baadaye, "Ni pesa zangu hizo."

2. Muda. Nani atampeleka, na nani atabaki? Tunashauri mpokezane: baba Jumamosi mbili, mama Jumamosi mbili. Anayebaki nyumbani asihesabiwe kuwa amepumzika. Anakama, anapika, anaangalia wadogo. Anayerudi aseme asante. Tena asiwepo mwanandoa wa kufanya klabu kuwa kimbilio la kumkwepa mwenzake. Kama unafurahia kukaa bwawani kwa sababu tu nyumbani hakukaliki, tatizo lako si la kuogelea.

3. Usalama majini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na wengi wao ni watoto na vijana. Mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hutoweka kimya kimya, kwa muda mfupi. Kwa hiyo kabla ya kulipa nendeni mkaone bwawa kwa macho yenu. Je, maji ni safi kiasi cha kuona sakafu? Kina kimeandikwa? Kuna mwokoaji anayekaa akiangalia maji tu, bila kazi nyingine? Mwalimu amefunzwa huduma ya kwanza? Mkatazeni mtoto kabisa kushindana na wenzake kubana pumzi chini ya maji, kwa sababu mtu aweza kuzimia humo bila dalili yoyote. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai maji yasiyopashwa moto ni baridi kali. Mtoto akianza kutetemeka na midomo kubadilika rangi, atolewe, akaushwe na apewe kitu cha moto.

4. Usalama wa mwili na heshima yake. Mzazi aruhusiwe kutazama mazoezi wakati wowote. Klabu inayowafukuza wazazi wote, iacheni. Ulizeni watoto wanabadilishia nguo wapi, na nani huingia humo. Mwalimu asibaki na mtoto mmoja mahali pa siri, wala asimpige picha bila idhini yenu. Mfundisheni mtoto kwamba hakuna siri ya mwili wake asiyoweza kuwaambia ninyi. Mkiona dalili mbaya, msinyamaze kwa kuogopa aibu. Simu ya bure ya kusaidia watoto nchini Kenya ni 116.

5. Vazi. Hapa wanandoa wengi hugombana. Mmoja anaona vazi la kuogelea ni la mchezo, mwingine anaona ni utupu. Zungumzeni kwa upole. Yapo mavazi ya mazoezi yenye mikono na yanayofika magotini. Mwulizeni mwalimu kama yanakubalika. Lakini lolote mtakaloamua, msimfanye binti auonee haya mwili ambao Mungu amemuumba nao. Adabu hufundishwa bila matusi.

6. Jumapili na sala. Kama kuna mashindano siku ya Jumapili, kumbukeni kwamba Misa ya Jumamosi jioni hutimiza wajibu wa Jumapili. Hivyo ndivyo Sheria ya Kanisa inavyosema katika kanuni ya 1248. Mtoto asilazimike kuchagua kati ya bwawa na altare. Na jumuiya yenu ndogo isikose kuwaona mwaka mzima kwa ajili ya mazoezi.

Mkishakubaliana juu ya hayo, mwiteni mtoto, mmwambie uamuzi wenu kwa sauti moja. Wekeni pia siku ya kuuangalia upya, labda baada ya miezi mitatu. Mtoto akichoka kweli, aruhusiwe kuacha bila kuitwa mvivu. Asilazimishwe kuogelea ili kutimiza ndoto ambayo mama hakuitimiza katika netiboli, au baba katika mpira.

NA KAMA HATUWEZI KULIPA?

Nyumba nyingi za Bahati haziwezi, na si dhambi. Mabwawa mengi ya mjini ni ya hoteli, vilabu na shule, na gharama ni kubwa. Semeni ukweli kwa mtoto: "Tumefikiri, mimi na mama yako, na kwa sasa hatuna uwezo." Mtoto huvumilia umaskini kuliko kudanganywa. Kisha mtafuteni jambo jingine lenye mafunzo yaleyale. Watoto wacheza liturujia, kwaya ya watoto, Utoto Mtakatifu na netiboli ya shule, vyote hufundisha kusikilizana, kuhesabu pamoja na kumngoja aliye mzito. Na yale mambo sita yanahusu huko pia.

TURUDI KWENYE MFANO WETU

Tumewaacha bwana na bibi wetu katika uchungu. Tuseme jioni ile, baada ya watoto kulala, bibi alianza yeye. Akasema, "Baba watoto, nilikudanganya. Nisamehe." Hakuongeza "lakini".

Bwana alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo mkewe hakuwahi kulisikia katika miaka 12 ya ndoa. Alipokuwa mvulana, walikwenda na rafiki yake kuogelea katika bwawa la shamba, bila ruhusa. Rafiki yake hakutoka. Na usiku wa 9 Mei 2018, bwawa la Solai lilipobomoka na kuua watu zaidi ya 40, yeye hakulala hadi asubuhi. "Ni kweli," akasema, "ungeniuliza ningekataa. Lakini usingejua ni kwa nini. Na mimi sikukuambia."

Mmeona, wapendwa? Bibi alidhani mumewe ni mgumu, kumbe mumewe alikuwa na hofu. Miaka 12 wamelala kitanda kimoja na hofu hiyo katikati yao. Klabu ya mtoto ndiyo iliyoifichua. Pengine hii ndiyo faida kubwa ya kushauriana: unapomwuliza mwenzako unapata jibu, na pamoja na jibu unampata yeye mwenyewe.

Asubuhi walimwita binti, wakamwambia, "Ugomvi ule ulikuwa wetu, si wako. Tumeumaliza." Jumamosi iliyofuata baba ndiye aliyebeba mfuko. Alisimama kando ya bwawa akalikagua kama anavyokagua msingi wa nyumba, akamwuliza mwalimu maswali mpaka mwalimu akacheka.

Mwisho wa mwaka watoto walifanya onyesho mbele ya wazazi. Muziki ukapigwa, vichwa vikazama, na baba akawa anamtafuta binti yake asimwone. Akashika mkono wa mkewe kwa nguvu. Mtoto mwingine akainuka juu ya maji, mikono imenyooka, na watu wakapiga makofi. Kisha, nyuma yake, kichwa cha binti kikatokea, akihema. Alikuwa chini, akimwinua mwenzake. Ni wazazi wawili tu waliompigia makofi yeye, na walipiga kwa nguvu kuliko wote.

MASWALI YA KUJADILIANA, MUME NA MKE

1. Je, kuna jambo la watoto ambalo nimelifanya bila kumwambia mwenzangu? Nilikuwa naogopa nini?

2. Mwenzangu anaponiuliza neno, jibu langu la kwanza huwa ni lipi?

3. Kuna hofu gani ya utoto wangu ambayo sijawahi kumweleza?

4. Katika nyumba yetu, nani hubeba bila kuonekana? Ni lini nilimshukuru mara ya mwisho?

SALA

Ee Yesu, uliyetafutwa na Yosefu na Maria wakiwa pamoja, utufundishe kuwatafuta watoto wetu tukiwa pamoja. Utuondolee uongo unaotokana na woga, na ukali unaoleta uongo. Mmoja wetu anapoinuka, mwingine asione wivu. Anapochoka, mwingine aweke bega lake. Familia Takatifu ya Nazareti, mtuombee. Amina.